Usalama barabarani: usukani unaolegea

Kazini mashini yenye kasoro husimamishwa mpaka fundi aipime. Je, motokari yako ya nyumbani? Wengi wetu twaendesha miezi mingi na usukani unaotikisika, tukisema: «Ni gari la zamani, nimelizoea.» Halafu tunapakia mama na watoto kwenda Likasi, kilometa karibu 120 toka Lubumbashi, na malori ya madini yanakuja mbele yetu.

Tuchukue Volkswagen Coccinelle. Ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Basi hakuna iliyo changa tena, na mashimo ya njia zetu hayakuihurumia.

Kwanza tafuta ulegevu uko wapi. Simamisha gari mahali pa sawa, magurudumu yakielekea mbele. Simama nje, ingiza mkono dirishani, uchezeshe usukani polepole kushoto na kuume, ukitazama gurudumu la mbele. Ukingo wa usukani ukienda zaidi ya sentimita 2 na nusu kabla gurudumu halijajibu, kuna ugonjwa. Kisha uushike kwa mikono miwili, uusukume juu na chini. Ukicheza, kasoro ni beringi ya juu ya nguzo, ama boliti zinazoshika nguzo kwenye dashibodi. Hiyo ni kazi ndogo.

Kinachotisha kiko chini. Pale nguzo inapokutana na sanduku la usukani kuna kisahani cha mpira, kimefungwa kwa boliti 4. Mtu mmoja achezeshe usukani, wewe utazame kwa tochi. Mpira ukiwa umepasuka, ama boliti moja inacheza, gari hilo lisitoke uani. Uzi wa honi unapita hapo hapo. Honi ikianza kukataa, usiilaumu honi peke yake.

Usifunge kwa waya. Usichomelee: moto unaunguza mpira. Nunua kisahani kipya pamoja na vibati vyake vya kufungia, maana kibati kilichokwisha kukunjwa hakitumiki mara ya pili. Toa waya wa betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma. Na kama ni lazima kuingia chini ya gari, liweke juu ya vigogo imara. Kriki peke yake imeua watu.

Weka nyundo mbali. Tangu mwaka 1967 Volkswagen ilitengeneza nguzo inayojikunja gari likigongana, isimchome dereva kifuani. Ukiigonga unaweza kuikunja wewe mwenyewe, na iliyokunjika hainyooshwi, inabadilishwa.

Kama ulegevu ungali upo, huenda ni ndani ya sanduku. Kuna skrubu ya kurekebisha, na hapa ndipo mafundi wa kando ya njia wanapoharibu: wanakaza magurudumu yakiwa yamekatwa kona. Meno ya ndani hukaribiana zaidi magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukiondoa ulegevu kwenye kona, usukani utabana unapokwenda mbele, jambo baya kuliko lile la kwanza. Mwachie fundi anayelijua sanduku hilo.

Kazi ikiisha, lijaribu polepole bila abiria. Ukitoka kwenye kona, usukani unapaswa kurudi wenyewe. Usiporudi, umekazwa mno. Baada ya juma moja, zikague tena zile boliti 4.