Kusikiliza Maongezi ya Gari kwa Python

Chini ya usukani wa magari mengi ya leo pana soketi yenye matundu 16, ambamo fundi huchomeka mashine ya kusomea hitilafu. Tundu la 6 na la 14 ni mlango wa CAN, mtandao wa nyaya mbili uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa Detroit mwaka 1986. Humo kompyuta ndogo za injini, breki na dashibodi hupashana habari bila mkubwa wa kugawa zamu. Mbili zikianza kusema pamoja, kila moja hutuma namba ya ujumbe wake biti baada ya biti huku ikiusikiliza waya. Sifuri huifunika moja. Iliyotuma moja ikasikia sifuri hunyamaza papo hapo, na ujumbe wenye namba ndogo hupita bila kuharibika. Basi anayepanga namba hizo ndiye anayeamua kwamba breki zitatangulia vioo vya madirisha.

Ukitaka kujua kasi ya injini, tuma kwa namba 7DF baiti 02 01 0C, zote za heksadesimali. Jibu huweza kuja kwa 7E8 hivi: 04 41 0C 1A F8. Mbili za mwisho zikisomwa pamoja ni 6,904. Gawa kwa 4, upate mizunguko 1,726 kwa dakika.

Kwa maktaba ya python-can, hiyo ni kazi ya mistari michache. Kinachosumbua ni adapta ya kuunganisha kompyuta na gari. Linux, tangu 2008, huichukulia CAN kama kadi ya mtandao, kwa msimbo uliotoka Volkswagen. Kwenye Windows, watengenezaji wa adapta PEAK, Kvaser na Vector kila mmoja ana draiva yake. Maktaba huzificha tofauti hizo: unabadilisha jina la adapta, programu inaendelea.

Kasi ni habari nyingine. Mtandao wa biti 500,000 kwa sekunde ukijaa hupitisha jumbe takribani 4,000 kila sekunde. Python ikichelewa kuzichukua, bafa hufurika na nyingine hupotea kimyakimya. Faili ulimohifadhi jumbe linaonekana zima kumbe lina mapengo. Ndiyo maana maktaba za kasi huachia C au Rust kazi ya kupokea, kisha Python hupewa jumbe kwa mafungu. Muda wa kuwasili nao ni heri uandikwe na adapta yenyewe, la sivyo utakuwa unapima uzito wa kompyuta yako. Na kama unachotaka ni 7E8 pekee, agiza uchujaji ufanyike kwenye kerneli ya Linux, nyingine zisifike kabisa kwenye Python.