Redio ya Ridhaa kwa Sauti ya Tarakimu: Namna ya Kuitayarisha Ifae Siku ya Shida

Wanachama kadhaa, khasa wenye vijana waliotoka skuli na kupenda mambo ya mitambo, wametuuliza khabari za redio za mkono zinazopeleka sauti kwa tarakimu. Wamesikia kuwa mtu akiwa Wete huweza kuzungumza na mtu wa Japani kwa redio ndogo ya kushika mkononi, na sauti ikaja safi kama ya mtu aliyeko uani. Khabari hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya khabari. Nusu iliyobaki ndiyo itakayotufaa siku ya shida, na aghalabu ndiyo inayosahauliwa. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

SI REDIO YA BIASHARA

Redio ya ridhaa ni ya watu wapendao elimu hii: wajifunze, wajaribu mitambo yao, wazungumze na wenzao, na wasaidie watu njia nyingine za khabari zinapokatika. Si chombo cha kutafutia riziki. Hairuhusiwi kuulizia bei ya karafuu, wala kumpa karani khabari kuwa magunia yako yamo njiani. Kwa kazi hiyo iko simu, na anayetaka redio za kazi huomba leseni ya namna nyingine. Kadhalika hairuhusiwi kuyafunga maneno kwa siri ili wengine wasiyafahamu. Kanuni za kimataifa zataka maneno ya redio ya ridhaa yawe wazi, basi kama redio yako ina ufundi wa kuficha sauti, uzime.

Lakini mchumaji akianguka mkarafuuni katika kambi ya mbali, au mafuriko yakikata njia na simu zimekufa, hapo kanuni zizo hizo zinaruhusu kumpelekea mtu mwingine salamu ya dharura. Hiyo ndiyo faida tunayoitaka.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Mwenye leseni hupewa alama yake ya mwito, na kwa Tanzania alama hizo huanza na 5H. Asiye na leseni asibonyeze kitufe cha kusemea. Tunalisema hili mapema kwa sababu redio zenyewe huuzwa madukani kwa urahisi, na mtu huweza kudhani kuwa kununua ndiyo ruhusa.

SAUTI INAVYOGEUKA TARAKIMU

Redio ya zamani hulitikisa wimbi kwa kadiri sauti inavyotikisika. Msemaji akiwa mbali, sauti huja pamoja na mvumo, na kila akizidi kwenda mbali mvumo huzidi, mpaka maneno yakapotea ndani yake.

Redio ya tarakimu haifanyi hivyo. Huikata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani sehemu 20 katika 1,000 za sekunde, kisha kila kipande hukipima: wembamba wake, nguvu yake na umbo lake. Vipimo hivyo tu ndivyo vinavyopelekwa. Ni kama mtu asiyetuma karafuu zenyewe, bali waraka wa kueleza rangi yake, ukavu wake na kiasi cha makonyo yaliyomo. Mjuzi wa kazi akiusoma waraka huo huijua karafuu kama aliyeiona. Redio ya upande wa pili huvisoma vipimo ikaiunda sauti upya. Kwa njia hii tarakimu 3,600 kwa sekunde hutosha kupeleka sauti, pamoja na zile za ziada za kusahihishia makosa ya njiani. Simu ya kawaida ya tarakimu ya waya hutumia 64,000.

Faida yake ni sauti safi isiyo na mvumo. Na ila yake ifahamike pia: sauti hubaki safi mpaka ukingoni, kisha huporomoka kwa ghafula. Hupati onyo la mvumo. Utasikia maneno yakikatikakatika kama mtu anayesukutua, na hatua chache mbele usisikie kitu.

LUGHA NI NYINGI

Redio hizi hazina lugha moja. Iko D-STAR, iliyobuniwa Japani na chama cha wanaredio wa huko, JARL. Iko System Fusion ya Yaesu, iliyotoka mwaka 2013. Iko M17, iliyotengenezwa na wanaredio wenyewe iwe wazi kwa kila mtu. Na iko DMR, ambayo kanuni zake zilitolewa Ulaya mwaka 2005 kwa redio za kazi, kisha wanaredio wa ridhaa wakaichukua. Redio ya lugha moja haifahamu ya nyingine, basi kabla ya kununua tazama wenzako wanatumia ipi. Sisi tutaeleza DMR, kwa kuwa redio zake ni nyingi na si ghali sana.

Ajabu ya DMR ni kuwa mkondo mmoja wenye upana wa kilohezi 12.5 hubeba mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mchi wa huyu unapopanda, wa yule unashuka, wala haigongani. Kila mmoja ana zamu ya milisekunde 30, na sikio la binadamu haling'amui kuwa sauti imekatwa.

KUIANDIKIA REDIO MIPANGO YAKE

Redio ya DMR ikitoka dukani ni kama daftari tupu. Huandikiwa mipango yake kwa programu ya kompyuta na waya maalumu. Mambo ya kuandika ni haya.

Kwanza ni namba yako. Kila mwanaredio wa DMR hupewa namba ya tarakimu saba, nayo huombwa bure kwa RadioID kwa kuonyesha leseni. Za Tanzania huanza na 640. Usitumie namba ya mtu mwingine.

Pili ni masafa ya mkondo, kwa kiasi kinachoruhusiwa na leseni yako. Katika sehemu yetu ya dunia wanaredio wa ridhaa hutumia megahezi 144 hadi 146, na 430 hadi 440.

Tatu ni namba ya rangi, kuanzia 0 mpaka 15. Si rangi ya kuonekana, bali ni alama ya kutenganisha mitambo inayotumia masafa mamoja. Nne ni zamu, ya 1 au ya 2. Tano ni namba ya kundi la mazungumzo, ambayo huamua nani atakusikia.

Haya matatu ya mwisho lazima yalingane pande zote mbili. Redio ikionyesha taa ya kupokea nawe husikii sauti, usikimbilie kwa fundi. Tazama kwanza rangi, zamu na kundi.

MTAMBO MDOGO WA NYUMBANI

Mahali pasipo na mtambo mkubwa wa kurudishia mawimbi, mtu huweka chake kidogo, ambacho huitwa hotspoti. Ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyopachikwa kibao cha redio kinachotumia programu ya MMDVM. Mwanzilishi wa programu hiyo ni mwanaredio wa Uingereza, Jonathan Naylor. Nguvu yake ni kama miliwati 10 tu, ya kutosha nyumba na uwanja wake. Redio yako husema na hotspoti, nayo hupeleka maneno kwa intaneti mpaka kwenye mtandao wa wanaredio kama BrandMeister, na huko ndiko Japani inakopatikana.

Utaratibu wake ni huu. Andika programu ya Pi-Star katika kadi ya kumbukumbu, uiingize, uiunganishe na intaneti ya nyumbani. Jaza alama yako ya mwito na namba yako ya DMR. Chagua masafa katika 430 hadi 440, lakini epuka 435 hadi 438, maana hapo ndipo penye satelaiti za wanaredio. Weka rangi 1, na kwa hotspoti ya antena moja tumia zamu ya 2. BrandMeister itakutaka neno la siri la hotspoti, nalo huwekwa katika ukurasa wako wa mtandao huo.

Kisha ijaribu. Piga mwito wa mtu mmoja kwa namba 9990, useme maneno machache, uachie kitufe. Namba hiyo ni kasuku: itakurudishia sauti yako mwenyewe. Ukijisikia vizuri, kazi imekwisha. Sauti ikikatika na redio iko karibu, tazama kiasi cha makosa kinachoonyeshwa na Pi-Star. Kikizidi asilimia 1 au 2, sogeza masafa ya hotspoti kidogo kidogo mpaka kishuke.

USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Hapa ndipo inapoanza nusu ya pili ya khabari. Kila tulichokitaja katika hotspoti kinategemea umeme na intaneti, na visiwa vyetu vimekwisha onja kukosa vyote viwili. Mwezi wa Mei 2008 umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini ulikatika, na Unguja ikakaa takriban mwezi mmoja gizani. Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizopita baharini zilikatika kusini mwetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hizo mwenye hotspoti pekee amebaki na kisanduku kisichosema.

Kwa hiyo kila redio iandikiwe aina tatu za mikondo. Ya kwanza ni ya hotspoti. Ya pili ni ya DMR ya moja kwa moja, redio kwa redio, bila ya mtambo wowote katikati. Wengi hutumia kundi 99, rangi 1, zamu ya 1, na masafa ya mwito katika sehemu yetu ya dunia ni megahezi 433.450. Ya tatu ni ya sauti ya kizamani, kwa maana redio nyingi za DMR huweza zote mbili, na masafa ya mwito ni 145.500. Sauti ya kizamani ina mvumo, lakini hufahamiwa na redio za kila kampuni, na mtu huweza kuambulia maneno mawili matatu pale ambapo tarakimu zimekwisha poromoka.

ANTENA NA URARI WA MACHO

Mawimbi haya huenda kama yanavyokwenda macho, yakazidi kidogo. Redio ya mkononi na antena iliyo mita 10 juu ya ardhi tambarare huonana kwa kiasi cha kilomita 18. Antena mbili zilizo mita 36 juu ya usawa wa bahari, kila moja kwenye kisiwa chake, huonana kwa karibu kilomita 49, na mkondo wa bahari baina ya Unguja na Pemba ni kama kilomita 50. Basi kilima kizuri na mlingoti wa wastani vina faida kuliko redio ya bei kubwa iliyowekwa bondeni.

Katika shamba kumbukeni kuwa mkarafuu uliokomaa hupita mita 10, na majani yaliyolowa huyameza mawimbi, khasa yale ya 430. Antena ipite vilele vya miti, au isimame ukingoni mwa shamba. Isikaribie nyaya za umeme hata kidogo. Mlingoti utiwe waya wa ardhini, na radi zikianza kulia chomoa waya wa antena redioni. Kwa umeme, bao dogo la jua na betri hutosha redio ya mkononi yenye wati 5.

ADABU NA MAZOEZI

Ukibonyeza kitufe ngoja sekunde moja ndipo useme, la sivyo neno lako la kwanza litakatwa. Shika redio umbali wa kiganja na kinywa. Mwenzio akimaliza, vuta pumzi mbili kabla ya kujibu, ili mwenye dharura apate nafasi ya kuingia. Kundi 91 ni la dunia nzima, basi likitumika kwa mwito, mazungumzo marefu yahamie kundi jingine.

Mwisho, vijana wenye leseni walio jirani wachague siku moja katika juma na saa moja, wazime hotspoti zao, na waitane kwa mkondo wa moja kwa moja tu. Waandike katika daftari nani amesikika kutoka wapi, kwa antena gani, na wapi hapasikiki kabisa. Masafa, rangi, zamu na makundi yaandikwe pia katika karatasi na kubandikwa ukutani, kwa kuwa siku ya giza kompyuta haitafunguka. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litaonyesha kutoka kambi ipi salamu inaweza kufika hospitali kwa kupokezana, na kutoka kambi ipi haiwezi. Palipo na pengo, hapo ndipo pa kusimamisha mlingoti kabla ya msimu ujao.