Presha Isiyosikia Dawa: Neva za Figo Zachunguzwa

Je, unameza dawa za presha za aina tatu au zaidi kila siku, na bado ukipimwa kiwango hakishuki? Hali hiyo huitwa presha sugu. Chanzo kimojawapo huweza kuwa neva zinazounganisha figo na ubongo.

Mwilini mna neva zinazofanya kazi bila wewe kuziamrisha. Ukishtuka, ndizo zinazoufanya moyo upige mbio. Baadhi yake huzunguka mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Zikichangamka kupita kiasi, figo huzuia chumvi na maji yasitoke mwilini, na pia hutoa renini, kemikali inayoanzisha hatua za kuibana mishipa ya damu. Figo nazo hupeleka habari kwenye ubongo, nao huzidi kuchochea moyo na mishipa.

Ili kuvunja mzunguko huo, daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye kinena hadi ndani ya mshipa wa figo, kisha huunguza neva hizo kwa nguvu za mawimbi ya redio au ya sauti.

Mnamo 2009, madaktari wa Melbourne, Australia, walieleza habari za mgonjwa mmoja wa miaka 59. Ishara za neva ziendazo kwenye misuli yake zilipungua kutoka 56 kwa dakika hadi 41 baada ya mwezi, na 19 baada ya mwaka. Presha yake ilishuka kutoka 161/107 hadi 127/81.

Lakini mgonjwa mmoja si wagonjwa wote. Neva za wengine waliopimwa baadaye hazikutulia kiasi hicho. Mnamo 2014, utafiti mkubwa wa Marekani ulilinganisha matibabu haya na yale ya kuigiza tu, na haukupata tofauti kubwa. Vifaa viliboreshwa, na tafiti zilizofuata zikaonyesha presha ikishuka kwa kiasi. Mnamo Novemba 2023, Marekani iliidhinisha vifaa viwili vya kazi hiyo.

Kwa hivyo msomaji, usitupe vidonge vyako. Wengi waliotibiwa hivi bado huhitaji dawa. Kwanza jiulize: je, unazimeza bila kuruka siku? Umepunguza chumvi? Kisha mwombe daktari achunguze kama kuna ugonjwa mwingine unaopandisha presha yako. Presha haipigi hodi. Wakati mwingine dalili ya kwanza huwa kiharusi.