Ile Nambari Chini ya Chupa ya Mafuta ya Mtoto

Leo tunazungumzia mafuta, losheni na poda tunazompaka mtoto baada ya kumwogesha. Je, utajuaje kama bado ni nzuri?

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yako, na huumia upesi. Losheni ina maji ndani yake, na penye maji vijidudu huweza kuzaana. Kiwandani hutiwa dawa ya kuvizuia, lakini dawa hiyo huisha nguvu kadiri siku zinavyopita, hasa chupa ikikaa juani. Mafuta ya mgando yasiyo na maji hudumu zaidi, lakini nayo huchafuliwa na vidole.

Sasa chukua chupa uliyo nayo nyumbani uigeuze. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni tarehe. Herufi EXP huonyesha mwisho wa kutumika. Ukiona EXP 08/27, ujue ni mwisho wa mwezi wa nane, mwaka wa 2027. Herufi MFG au MFD huonyesha wakati ilipotengenezwa. Usizichanganye hizi mbili.

La pili ni picha ndogo ya kopo lililofunguliwa kifuniko, pamoja na maandishi kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Hesabu huanza siku uliyofungua, si siku uliyonunua. Ukifungua losheni ya 6M mwezi wa Januari, ifikapo Julai iache, hata kama EXP ni ya mwaka ujao. Ndiyo maana ni vizuri kuandika kwa kalamu, juu ya chupa, siku uliyoifungua.

La tatu ni nambari ya bechi. Mara nyingi hutanguliwa na herufi B.No. au LOT, au hugongwa tu chini ya chupa au kwenye ncha ya tyubu. Bechi ni bidhaa zilizotengenezwa pamoja kwa mara moja, kama vile chapati zinazotokana na unga mmoja uliokandwa.

Hapa, mama, ndipo wengi hukosea. Nambari ya bechi si tarehe ya kuharibika. Kila kampuni huiandika kwa namna yake. Kwa kampuni moja, 045 yaweza kuwa siku ya 45 ya mwaka, yaani tarehe 14 Februari. Kwa kampuni nyingine ni hesabu ya kiwandani tu. Kwa hivyo mwuzaji, au hata tovuti ya intaneti, asikuhakikishie kwamba mafuta ni mapya kwa kukisia nambari hiyo. Anayeijua kwa hakika ni kampuni iliyoitengeneza.

Basi ina faida gani kwako? Tuchukue mfano wa dawa, maana kazi ya nambari hiyo ni ile ile. Mnamo Aprili 2024, Nigeria ilitangaza kuwa vipimo vyake vimepata sumu katika bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin. Kampuni ilisema vipimo vyake yenyewe havikuipata sumu hiyo. Hata hivyo, Bodi ya Dawa na Sumu hapa Kenya iliagiza bechi hiyo, nambari 329304, isiuzwe wala kutumiwa, na irudishwe. Mama wa Kitale au Bungoma aliyekuwa na chupa ya dawa hiyo alihitaji kusoma nambari tu ajue kama yake imo. Lakini aliyekuwa amemimina dawa katika chupa nyingine na kutupa ile ya kwanza, angejuaje?

Na mafuta ya mtoto ni vivyo hivyo. Ukinunua yanayopimwa kutoka mtungi mkubwa, iwe ni soko la Kitale, Chwele au Kimilili, unapata bei nafuu, lakini tarehe na bechi vimebaki kwenye mtungi. Afadhali chupa ndogo iliyofungwa kuliko nyingi usiyojua ilikotoka. Epuka chupa iliyofutwa nambari au kubandikwa karatasi juu ya tarehe. Tazama pia alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kutuma herufi SM, alama ya #, na nambari ya kibali iliyo kwenye alama hiyo kwenda 20023, upate kujua kama kibali ni cha kweli.

Losheni ikibadilika harufu au rangi, au maji yakijitenga, itupe hata kama tarehe haijafika. Mtoto akipata upele au malengelenge baada ya kupakwa, acha kuitumia, mwoshe kwa maji safi, umpeleke kliniki. Nenda na chupa yenyewe, ili mhudumu asome yaliyoandikwa.

Mama, hutupi kadi ya kliniki ya mtoto kabla hajakua. Usitupe chupa wala kifuniko chake kabla mafuta hayajaisha. Osha mikono kabla ya kuchota, funga vizuri, na uweke mahali pasipo na jua.