Mwitongo: Mahame Yasomwayo kwa Jua la Asubuhi

Mgeni afikaye Mwitongo, Butiama, akitarajia kuta za mawe kama za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, hatazikuta. Wahenga wa hapa walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Hata patakatifu pa Wazanaki wa Butiama ni msitu, Muhunda, wala si jengo. Lakini jina lenyewe ni ushahidi: Mwitongo, kwa Kizanaki, ni mahali palipokuwa na makazi, yakahamwa.

Kwa hiyo alalaye Musoma au Bunda hana budi kudamka. Jua likiwa nyuzi 10 tu juu ya upeo, yapata saa moja na robo, kivuli hupita mara 5 ya kimo cha kitu. Penye mahame, tuta la sentimita 10, ambalo huenda ni mabaki ya nyumba iliyoanguka, hutupa kivuli cha zaidi ya nusu mita. Jua likifika utosini, kivuli hutoweka, na mgeni hulikanyaga asijue.

Wengi huelekea moja kwa moja kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa 1999, na kwenye kaburi lake. Ni haki yao. Ila mahame hayawekwi ndani ya kabati la kioo. Shimo la msingi mpya laweza kuyafuta kwa siku moja. Palipokuwa zizi, fosforasi ya samadi hubaki udongoni kwa karne nyingi, na wataalamu wa mambo ya kale huipima kabla ya kuchimba.