Mazabodi na Taa Zake

Ukifungua boksi la mazabodi (ubao mkuu) ya kompyuta ya michezo siku hizi, utadhani umeletewa pambo la harusi. Ubao ni mweusi tii, mabamba ya alumini yamechongwa pembepembe, taa zinabadilika rangi. Weusi ule ni rangi tu, imechanganywa kwenye koti la kinga lililofunika mistari ya shaba. Ubao wa kijani hufanya kazi ileile. Taa nazo haziongezi kasi hata chembe.

Ila tazama ile mistari kati ya kichakataji na nafasi za ram: inajipinda kama nyoka. Mawimbi ya umeme ndani ya ubao husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde, na data zilizotumwa pamoja lazima zifike pamoja. Kwa hiyo mstari mfupi huzungushwa hadi ulingane na wenzake. Kwangu mimi huo ndio urembo, na sijaona boksi linaloutangaza.

Chini ya mabamba ya alumini zimo transista zinazoshusha volti 12 hadi moja na ushee. Kichakataji cha Intel, Core i9-13900K, kimewekewa kikomo cha wati 253. Gawanya kwa volti 1.3, utapata karibu ampea 195. Mkondo huo huzaa joto. Bamba nene lisilo na mapezi hupendeza machoni, lakini hewa haina pa kulishika.

Anayepima bodi mbili atumie kichakataji kilekile, ram ileile, feni ileile, na aandike joto la chumba. Mzigo uende nusu saa, kwani alumini huchelewa kupata moto. Akitumia kamera ya joto, abandike utepe mweusi juu ya bamba: metali ing'aayo hutoa mionzi michache, kamera ikaiona baridi huku inaunguza kidole.

Mtego mkubwa umo kwenye bayosi, programu ya bodi yenye mipangilio yake. Zipo bodi zilizotoka kiwandani bila kikomo cha wati, zikaongoza majaribio kwa ujanja huo. Mwaka 2024, vichakataji vya kizazi cha 13 na 14 vilipolalamikiwa kwa kukwamakwama, Intel iliwataka watengenezaji wa bodi warudishe mipangilio yake ya kawaida, ingawa baadaye ilikiri kwamba msimbo wa vichakataji vyenyewe pia ulikuwa unaomba volti kupita kiasi. Ukikuta matokeo ya majaribio yasiyotaja kikomo cha wati, usiyatumie kuchagulia bodi.