Kabla ya Kununua Kiwanja, Uliza Maji Hufika Wapi



Mwenzetu mmoja wa shambani alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua kiwanja bondeni. Ilikuwa kiangazi, mto umekauka. Muuzaji alijua maji hufika wapi wakati wa masika, lakini alinyamaza. Mvua zilipokuja, nyumba ilikwenda na maji. Jasho la miaka mingi likapotea usiku mmoja.

Je, muuzaji angeweza kulazimishwa kusema? Huko California, Marekani, sheria inamlazimisha. Tarehe 9 Februari 1971 tetemeko la ardhi lilipiga San Fernando, karibu na Los Angeles, likaua watu zaidi ya 60. Ardhi ilipasuka, na majengo yaliyokaa juu ya ufa yaliharibika vibaya. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria. Wataalamu wa serikali huchora ramani za nyufa zilizo hai. Ndani ya eneo lililochorwa, miradi mingi ya ujenzi hairuhusiwi mpaka ardhi ichunguzwe, na kwa kawaida nyumba huwekwa futi 50 mbali na ufa.

Tangu 1998 muuzaji wa nyumba hujaza fomu: je, mahali hapa ni pa mafuriko? Pa maji ya bwawa likibomoka? Pa moto wa msituni? Pa ufa wa tetemeko? Mnunuzi akipewa fomu hiyo baada ya kutia saini, ana siku chache za kujitoa.

Ndugu, ramani peke yake haizuii maji. Nguvu yake ni sheria inayomfunga mwenye mali aseme kweli.

Lakini tuwe macho. Huko Bududa, Uganda, baada ya maporomoko ya udongo ya Machi 2010, watu walihamishiwa Kiryandongo, mbali sana. Baadhi yao walirudi mlimani kulima, kwa sababu shamba ndiyo chakula. Ramani inayomwondoa maskini bila kumpa riziki ni fimbo tu.

Basi kila tawi lifanye mambo mawili. Kwanza, mwanachama asilipe kiwanja kabla ya kuwauliza wazee wa hapo na ofisi ya ardhi. Pili, tudai katika mkataba wetu na mwajiri kwamba nyumba za wafanyakazi zisijengwe bondeni wala chini ya genge. Meneja hujengewa kilimani. Nasi tuna watoto.